Mashine ya Kusafisha Hewa Chumbani kwa Bi Harusi: Ilitokea Wapi na Inasaidia Kiasi Gani



Leo tunaanza na aibu yetu wenyewe. Mwaka uliopita, kabla ya harusi za Mfunguo Mosi, tulinunua mashine ya kusafisha hewa kwa ajili ya kazi yetu ya kushona na kupamba maharusi. Muuzaji alitwambia inaondoa asilimia 99.97 ya vijidudu vyote. Sisi tukaiamini nambari ile, tukaibandika ukutani dukani, na tukaongeza kidogo kwenye bei ya kumpamba bi harusi. Tulijiona wajanja. Nani mwengine mjini alikuwa nayo?

Harusi ya tatu tuliibeba mpaka nyumbani kwa wenyewe, usiku wa hina. Sebuleni wamekaa wanawake thelathini na kitu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, watu wanaimba, wanacheka, wanapiga vigelegele. Siku nne baadaye nusu ya nyumba ile ilikuwa kitandani kwa mafua makali, na bibi yake bi harusi, ambaye kifua chake ni dhaifu tangu zamani, akalazwa wiki nzima. Alhamdulillah alipona. Lakini mama wa bi harusi alipokuja kurudisha shela, alituuliza swali moja tu: "Wanangu, ile mashine yenu si mlisema inaondoa vijidudu?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimtaka radhi, tukamrudishia ile ziada, na nambari tukaibandua ukutani. Kisha tukakaa kusoma usiku baada ya kufunga duka, tukisaidiwa na mpwa wetu aliyesoma sayansi pale maneno yalipotushinda. Tulidhani tutasoma habari za mashine. Tukajikuta tunasoma habari za ugomvi wa karibu miaka mia moja juu ya jambo moja: je, ugonjwa unapita hewani au haupiti?

Wazee wa zamani karibu kila pahala waliamini hewa mbaya inaleta maradhi. Florence Nightingale, muuguzi wa Kiingereza, aliandika kitabu chake cha uuguzi mwaka 1859, na jambo la kwanza alilolitaka kwa mgonjwa ni hewa ya ndani iwe safi kama ya nje. Alikuwa hajui habari za vijidudu kama tunavyovijua leo, lakini madirisha aliyafungua. Kisha vijidudu vikagunduliwa, na hapo, ajabu, hewa ikaanza kudharauliwa. Daktari Charles Chapin, ofisa wa afya wa mji wa Providence huko Marekani, alitoa kitabu mwaka 1910 akasema kwamba maradhi mengi yanapita kwa kugusana na kwa matone ya karibu, na kwamba kuambukizwa kwa hewa ni jambo la nadra. Alikuwa na sababu yake: alitaka watu waache kuogopa harufu za mitaro na waoshe mikono. Nia njema. Lakini neno lake lilishika mizizi kiasi kwamba kwa miaka mingi aliyesema ugonjwa unaelea hewani alionekana anarudisha ushirikina.

Aliyebisha hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi, William Firth Wells, na mkewe Mildred Weeks Wells, ambaye yeye ndiye daktari wa nyumba ile. (Vitabu vingi vinamtaja mume tu. Sisi tunaofanya kazi nyuma ya pazia tunajua mambo hayo yanakwendaje.) Mwaka 1934 Wells alionyesha kwamba mtu akikohoa au kupiga chafya, matone makubwa huanguka chini upesi, lakini yale madogo sana hukauka kabla hayajafika sakafuni. Kinachobaki ni chembe nyepesi, iliyobeba kijidudu ndani yake, na chembe hiyo haianguki. Inaelea chumbani kama moshi wa udi baada ya chetezo kuondoshwa.

Mfano huo wa udi ni wetu, si wake. Lakini ushike, maana tutaurudia.

Wells na mkewe walitaka kuthibitisha kwa watu halisi. Kuanzia mwaka 1937 waliweka taa za mionzi ya urujuanimno, mionzi inayoua vijidudu, sehemu ya juu ya madarasa ya shule huko Philadelphia na kitongoji cha jirani. Mwanga ulipiga juu ya vichwa vya watoto, hewa ikipanda inasafishwa, ikishuka inavutwa. Mwaka 1941 shurua ikaingia kwa nguvu. Katika madarasa yasiyo na taa, zaidi ya nusu ya watoto ambao hawajawahi kuugua waliugua. Katika madarasa yenye taa, waliougua walikuwa kama 13 katika kila 100. Ungefikiri ugomvi umekwisha hapo.

Haukwisha. Watafiti wengine walijaribu jambo lile lile katika shule za vijijini, jimbo la New York, na majibu yakatoka hafifu. Taa zilikuwa nzuri, madarasa yalikuwa sawa, shurua ikapita vile vile. Kwa nini? Watoto wale walikuwa wakipanda mabasi pamoja kwenda na kurudi shule. Darasani hewa inasafishwa, ndani ya basi wanapumuliana usoni. Kwa wengi jambo hilo likawa ushahidi kwamba Wells amekosea, na fikra yake ikawekwa kando. Sisi tulipofika hapo tulinyamaza kidogo, tukaangaliana. Tutakwambia kwa nini.

Ushahidi mzito ulikuja Baltimore, katika hospitali ya maveterani wa vita, miaka ya 1950. Daktari wa mapafu Richard Riley, aliyekuwa mwanafunzi wa fikra za Wells, alishirikiana naye kujenga wodi ndogo ya vyumba sita vya wagonjwa wa kifua kikuu. Hewa yote iliyotoka vyumbani ilipitishwa kwa mabomba mpaka chumba cha juu walikofugwa simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofanana na sungura, kiasi cha 150 kwa wakati mmoja. Wanyama hawakugusana na mgonjwa hata mmoja. Hawakula chombo kimoja naye, hawakuguswa kwa mkono wake. Walivuta hewa yake tu. Na kwa muda wa miaka miwili, kwa wastani simbilisi kama watatu kila mwezi waliambukizwa kifua kikuu.

Kisha wakaongeza chumba cha pili cha wanyama, hewa ile ile, ila safari hii imepita kwenye mionzi kabla ya kuwafikia. Humo hakuambukizwa hata mmoja. Wakaona na jambo jingine ambalo mpaka leo watu husahau: wagonjwa hawakuwa sawa. Wachache waliambukiza wanyama wengi, na wengine hawakuambukiza hata mmoja. Ukumbi wa harusi ni hivyo hivyo. Unaweza kufanya harusi kumi bila mtu kuugua, ukasema hewa ya ukumbi wako haina neno, na ya kumi na moja akaingia mmoja.

Sasa mashine yenyewe. Imetoka katika vita, si katika hospitali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza na Wamarekani waliichunguza karatasi iliyokuwamo ndani ya barakoa za gesi za Wajerumani, wakaona inazuia moshi kuliko karatasi zao. Wamarekani waliiga na kuiendeleza, na wale waliokuwa wakitengeneza bomu la atomiki kwa siri wakaihitaji kwa ajili ya kuzuia vumbi lenye sumu ya mionzi lisitoke nje. Karatasi za mwanzo zilikuwa na asbesto ndani yake. Mungu atunusuru, leo tunajua asbesto yenyewe inaharibu mapafu. Baadaye wakatumia nyuzi nyembamba za kioo. Ndiyo aina ya chujio ambayo leo inaitwa HEPA, na ndiyo jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la mashine yetu.

Hapa fundi wa nguo ana faida, tujisifu kidogo. Watu hufikiri chujio la HEPA linafanya kazi kama chekeche ya unga au kifumbu cha tui: matundu madogo, kikubwa kinabaki, kidogo kinapita. Siyo. Ni kama kitambaa kisichofumwa, nyuzi zimelazwa ovyo moja juu ya nyengine, na nafasi baina yake ni kubwa kuliko vijidudu vingi. Chembe nzito haziwezi kukata kona upesi, zinagonga uzi na kunasa. Chembe ndogo kabisa haziendi moja kwa moja, zinatangatanga kama mlevi njiani, mwisho zinaugusa uzi na kunasa pia. Zinazosumbua ni za katikati, kama mikroni 0.3, na mwanasayansi Irving Langmuir ndiye aliyeligundua hilo wakati wa vita. Kwa hiyo HEPA hupimwa kwa zile chembe sugu: kati ya 10,000 zinazopita, angalau 9,997 zinase. Ndiyo ile asilimia 99.97. Kirusi ambacho ni kidogo kuliko hapo hakipiti kwa urahisi zaidi, kinanasa vizuri zaidi. Tena karatasi hiyo imekunjwa marinda ndani ya boksi, marinda membamba kama ya sketi ya shule, ili eneo kubwa liingie pahala padogo na hewa ipite bila kubanwa.

Nambari basi ni ya kweli. Muuzaji hakudanganya kuhusu karatasi. Ila nambari ile inahusu hewa iliyopita ndani ya karatasi. Haisemi lolote kuhusu hewa iliyobaki chumbani, ile ambayo bibi anaivuta akiwa amekaa kwenye mkeka upande wa pili wa sebule.

Watengenezaji walilijua jambo hili zamani. Huko Marekani, tangu miaka ya 1980, chama cha watengenezaji wa vyombo vya nyumbani kiliweka kipimo kingine kinachoitwa CADR, yaani kiasi cha hewa safi ambacho mashine inakitoa kwa dakika au kwa saa. Kipimo hicho kinaunganisha mambo mawili: ubora wa chujio na wingi wa hewa inayosukumwa na feni. Mashine yenye karatasi bora na feni dhaifu ni kama fundi hodari anayeshona gauni moja kwa mwezi. Kazi yake ni nzuri, lakini maharusi wako ishirini.

Kwa miaka mingi mashine hizi ziliuzwa kwa watu wenye pumu na wenye kuchukia moshi wa sigara. Kisha ikaja corona, na ugomvi wa zamani ukafufuka. Tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, watu 61 wa kwaya walikutana kufanya mazoezi ya kuimba kwa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Baadaye wakahesabiwa 53 walioumwa, akiwamo huyo wa kwanza, 33 wamethibitishwa kwa vipimo na 20 kwa kukisiwa, na wawili walifariki. Kuimba kunatoa chembe nyingi kuliko kuzungumza. Sisi tunaoishi na hina, na maulidi ya kina mama, na nyimbo za kumtoa bi harusi, tuliisoma habari hiyo tukasikia baridi mgongoni.

Hata hivyo wakubwa wa afya duniani waliendelea kusisitiza matone ya karibu na kuosha mikono, mpaka Julai mwaka ule wanasayansi 239 wakaandika barua ya wazi kuomba hewa itazamwe. Neno la Chapin lilikuwa bado linaishi, miaka 110 baadaye.

Mwezi uliofuata ndipo ilipozaliwa mashine tunayoipenda kuliko zote. Mhandisi Richard Corsi alitoa fikra, na Jim Rosenthal, mwenye kampuni ya vichujio huko Texas, akaiunda: feni ya kawaida ya boksi, vichujio vinne au vitano vya aina inayotumiwa kwenye viyoyozi vikubwa, kadibodi na gundi ya utepe. Vifaa vyake havikufika dola 100. Vichujio hivyo si HEPA. Kwa zile chembe ndogo, kila hewa inapopita mara moja, vinaahidi kunasa nusu tu. Nusu! Lakini eneo la vichujio ni kubwa na feni ina nguvu, hewa inapita na kurudi na kupita tena. Wapimaji wa Chuo Kikuu cha California huko Davis waliona boksi hilo linatoa zaidi ya mita 1,000 za ujazo za hewa safi kwa saa. Mashine yetu ya asilimia 99.97, kwa mujibu wa kikaratasi chake mwenyewe ambacho tulikuwa hatujakisoma, inatoa 150. Nasi kwa kasi yake ya juu kabisa.

(Tulizunguka madukani kutafuta vichujio vya namna hiyo tuunde letu. Hatukuvipata. Mwenye kujua vinauzwa wapi kisiwani atuandikie.)

Je, chumbani kwenye wagonjwa wa kweli mashine hizi zinasaidia? Jaribio lililotushika ni la hospitali ya Addenbrooke's, mjini Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa mwaka 2021. Waliweka mashine zenye HEPA katika wodi mbili za wagonjwa wa corona. Katika wodi ya kawaida, mashine zilipokuwa zimezimwa, walikuta alama za kirusi hewani. Zilipowashwa kwa wiki moja, hawakuzikuta. Walipozizima tena, zikarudi. Bakteria na kuvu wa hewani nao walipungua. Ajabu ni wodi ya wagonjwa mahututi: humo kirusi kilikuwa kichache hewani hata mashine zikiwa zimezimwa. Pale palipotisha zaidi si pale palipokuwa na kirusi kingi hewani, na hilo hakuna aliyelidhania.

Mwaka huo huo, wataalamu wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, waliweka masanamu yanayopumua ndani ya chumba cha mikutano pamoja na mashine mbili za HEPA. Chembe walizovuta "wasikilizaji" zilipungua hadi asilimia 65. Walipoongeza barakoa kwa wote, zikapungua hadi asilimia 90. Na mashine zilifanya kazi vizuri zaidi zilipowekwa karibu na yule anayetoa chembe. Ukilinganisha 65 na 99.97 utajua umbali uliopo baina ya karatasi na chumba.

Lakini kupunguza chembe hewani si lazima kupunguze wagonjwa kwa kiasi kile kile, na hapa inabidi tuseme ukweli wote. Katika shule za msingi za jimbo la Georgia, mwisho wa mwaka 2020, shule zilizofungua madirisha na kutumia feni zilikuwa na corona pungufu kwa asilimia 35 kuliko zisizofanya kitu. Zilizofanya hayo pamoja na kuchuja hewa zilikuwa pungufu kwa asilimia 48. Hizo ni shule zilizojichagulia wenyewe, huenda zilikuwa makini katika mambo mengine pia. Na katika nyumba za kulea wazee huko New South Wales, Australia, mashine za HEPA ziliwekwa vyumbani kwa wazee kwa utaratibu wa majaribio wa haki, zenye chujio na zisizo na chujio. Kwa hesabu ya wote, maradhi ya njia ya hewa hayakupungua kwa kiasi cha kuaminika, ingawa wale waliokaa katika jaribio mpaka mwisho walionyesha nafuu. Mashine ilikuwa chumbani. Mzee halali chumbani siku nzima. Anatoka, anakula na wenzake, anakaa barazani.

Ni basi lile lile la New York, limerudi baada ya miaka sabini na zaidi.

Na ndiyo sababu tuliangaliana. Tukachukua karatasi na kalamu tukaupima usiku ule wa hina kama tunavyopima gauni lililokataa kukaa mwilini. Sebule ile ni mita 6 kwa 5, dari mita 3, yaani mita 90 za ujazo. CDC tangu mwaka 2023 wanashauri hewa safi ya kutosha kubadilisha chumba mara 5 kwa saa, kwa hiyo sebule ilihitaji mita 450 kwa saa. Mashine yetu inatoa 150 kwa kasi ya juu. Lakini haikuwa kwenye kasi ya juu. Dada mmoja alilalamika kwamba inanguruma haisikiki nyimbo, tukaishusha mpaka chini kabisa, ambako kikaratasi kinasema mita 50. Saa moja na dakika arubaini na nane ili itoe hewa safi ya kutosha sebule ile mara moja tu! Tena tuliiweka pembeni nyuma ya pazia, isiharibu mapambo kwenye picha, na pazia likavutwa na mdomo wa mashine likauziba. Wageni walikuja kwa daladala mbili zilizojaa. Chakula kililiwa kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma, watu wanane kwenye sinia moja, na mashine haikuwako huko. Na bibi tulimkalisha karibu na waimbaji kwa heshima, ili aone vizuri.

Siku ile hata mashine mara tatu ya ile isingetosha.

Mkituuliza sasa kama mashine hizi zinasaidia, tunajibu ndiyo, zinasaidia, zikilingana na chumba. Chumba chetu cha kupambia ni mita 4 kwa 4, dari mita 3, jumla 48. Humo mashine ile ile, kwa kasi ya juu, inafika mara 3 kwa saa. Si tano, lakini dirisha moja likiwa wazi linaongeza. Ukumbi wa mita 20 kwa 12 wenye dari ya mita 4 na nusu una mita 1,080 za ujazo. Mashine yetu humo ingehitaji zaidi ya saa saba kuusafisha mara moja. Anayekwambia ataweka kimoja kidogo jukwaani kwa ajili ya wageni mia tatu anakuuzia pambo.

Ukinunua, tafuta CADR au mita za ujazo kwa saa, na kama haikuandikwa popote, iache dukani. Uliza bei ya chujio la kubadilisha kabla ya bei ya mashine, maana lile la kwetu linakaribia theluthi ya bei yote. Na zile zinazotangaza kutoa ozoni au "hewa ya mlimani" muogope nazo: ozoni inachoma mapafu, na jimbo la California haliruhusu kuuzwa mashine za nyumbani zinazotoa zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni. Mwenye kifua dhaifu ndiye wa kwanza kuumia.

Tumeulizwa pia kuhusu udi. Bi harusi bila udi hatumtoi, hilo halina mjadala. Lakini moshi wa udi ni chembe, mashine inauona ni adui, taa inakuwa nyekundu na chujio linajaa upesi. Kwa hiyo tunaizima, tunafungua madirisha, tunafukiza nguo na nywele, chetezo kinatoka nje, kisha tunaiwasha kwa nguvu. Ukitazama jinsi moshi ule unavyochukua muda kuisha hata mashine ikinguruma, utaona kwa macho yako kile Wells alichokuwa akikisema mwaka 1934.

Nyumba za wazee wetu mjini, zenye dari ndefu, ua wa ndani wazi na madirisha pande mbili, zilipitisha hewa nyingi kuliko mashine yoyote tuliyoiona dukani. Kiyoyozi cha ukutani hakifanyi hivyo, kinazungusha hewa ile ile tu na kuipoza. Hatusemi mzime viyoyozi, make-up inayeyuka, tunajua. Tunasema dirisha moja la upande wa upepo liachwe wazi hata kidogo, na feni ielekezwe nje.

Mwezi uliopita yule mama alirudi. Mdogo wake bi harusi naye anaolewa, na bibi atakuwepo, inshaallah. Safari hii kabla ya yote tulikwenda nyumbani na utepe wetu wa kupimia. Hina itafanywa uani chini ya turubai lililo wazi pande zote, chakula vile vile. Bibi atakaa katika chumba kidogo cha mbele, dirisha wazi, mashine karibu naye kwa kasi ya juu, na anayetaka kumpa mkono ataingia mmoja mmoja. Mwenye mafua tumemuomba mama mwenyewe amwambie abaki nyumbani, sisi hatuwezi kumwambia mgeni wa watu. Kuhusu kelele za mashine, bibi amecheka. Amesema hasikii vizuri tangu zamani.